Mei 4: utepe, king'ora na la kuwaeleza watoto

Kutoka: Wete
Assalaam alaykum jamaa wa Victoria, Australia. Skuli inataka kuwakumbuka wazimamoto wa kujitolea waliofia kazini, Mei 4, Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto. Utepe unakatwa vipi, king'ora kinalia saa ngapi, na watoto waelezwe nini? Huku mzimamoto wanayemjua ni yule wa Kikosi, mwenye mshahara wake.

Kutoka: Melbourne
Waalaykum salaam mwalimu. Utepe ni vipande viwili, chekundu cha moto na cha buluu cha maji, kila kimoja sentimita 5 kwa 1, vimeshikana juu tu. Mita 5 za kila rangi ni vipande 100 kwa hesabu. Mkasi ukipotoka tegemea 90. Nunueni satini ya nailoni, pamba iacheni: Mei ni masika, na pamba nyekundu ikirowa huchuja ikachafua shati jeupe. Satini nayo hufumuka, basi pitisheni ncha upesi karibu na mwali wa mshumaa, iyeyuke kidogo. Kazi hiyo afanye mtu mzima; itakuwa aibu kuunguza darasa siku ya zimamoto.

King'ora hakingoji Mei 4. Hulia Jumapili ya kwanza ya Mei, saa sita mchana kwa saa za hapo mlipo: sekunde 30, kisha kimya dakika moja. Pemba Adhuhuri huingia kama saa sita na dakika ishirini, kwa hiyo hamgongani na adhana. Skuli imefungwa siku hiyo, basi kimya kifanyeni siku ya masomo.

Kutoka: Geelong
La watoto ndilo zito. Siku hii ilizaliwa na vifo vya wazimamoto watano wa gari moja la Geelong West, wote wa kujitolea, huko Linton, hapa Victoria, 2 Desemba 1998. Walikuwa wanarudi kujaza maji, upepo ukageuka.

Chora chini kwa chaki umbo la yai refu. Ncha moja ndiyo uso wa moto, unakokimbilia. Pande mbili ndefu ni mbavu, hazina kasi. Mshale wa upepo uelekee kwenye ncha. Sasa ugeuze mshale upige ubavuni: ubavu mzima upande wa pili unakuwa uso. Aliyesimama kando, akidhani yu salama, moto unamjia kwa urefu wake wote. Hapo ndipo gari huhitaji maji ya kujimwagia lenyewe na waliomo. Kwa hiyo tangi halimalizwi kuzima moto. Ya akiba hubaki. Anayechoma shamba Pemba na ndoo moja ashike hilohilo.

Kutoka: Wete
Ahsante. Mzee mmoja anataka khitma.

Kutoka: Melbourne
Dini zao hatuzijui. Dakika ya kimya yatosha. Khitma mwekeeni siku ya jamaa zetu wa MV Spice Islander, meli iliyozama 2011, 10 Septemba.