Aliyebonyeza kidole gumba kwenye boneti yangu mbichi ajue kwamba sitanyamaza

Wakuu, naandika nikiwa bado nimevaa ovaroli la kupulizia rangi, na glavu moja tu ndiyo niliyoivua ili niweze kuandika. Harufu ya klia, ile rangi angavu ya kung'aa inayopulizwa juu ya rangi yenyewe, haijatoka garajini, na hasira haijatoka kifuani.

Sitamtaja jina kwa sababu hakuna haja. Mnamjua. Ni yule ambaye kila uzi wa rangi unaofunguliwa humu jukwaani lazima aingie na kutukumbusha kwamba alianza kupaka magari wengi wetu tukiwa bado tunatambaa, na ambaye tangu ajiunge hajawahi kuweka picha moja ya gari alilolimaliza. Leo ametoka kwenye nyuzi na kuingia garajini kwangu. Amefungua mlango wa pembeni bila kubisha, amepita chini ya nailoni niliyoitundika kuzuia vumbi, amesimama mbele ya boneti niliyokuwa nimemaliza kuipuliza dakika nane zilizotangulia, amenyoosha mkono, amekibonyeza kidole gumba katikati kabisa, kisha akanigeukia na kutamka kwa sauti ya daktari anayetoa majibu: "Bado mbichi hii."

Bado mbichi! Nilikuwa nimesimama pale na bunduki ya rangi mkononi, inadondosha klia sakafuni, na barakoa ikiwa bado usoni. Alidhani nilikuwa nafanya nini, namwagilia maua?

Naomba niwaeleze alichokigusa, kwa sababu inawezekana wapo wanaodhani kwamba ni bati tu. Pikapu hiyo ni Datsun 1200 ya mwaka 1974, yenye injini ya A12 ya sentimita za ujazo 1,171, na nilipoipata sakafu ya kebini ilikuwa na matundu ya kutosha kumwezesha dereva kuona barabara bila kutazama kioo cha mbele. Nimekata kutu kwenye sakafu, kwenye pembe zote mbili za chini za kebini na kwenye mifereji ya maji juu ya milango, kisha nikachomelea bati jipya kidogo kidogo, nukta hapa na nukta kule, kwa sababu ukichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja joto linalikunja bati na kazi yote ya kunyoosha inaanza upya. Kutu iliyojificha kwenye vinyweleo vya chuma niliipaka asidi ya fosfori, nikaiosha na kuikausha vizuri kabla ya kupuliza praima ya epoksi, kwa kuwa epoksi haielewani na mabaki ya asidi. Juu ya epoksi ndipo nilipoweka puti, na niliiweka nyembamba, kwa sababu puti hunyonya unyevu na siku moja hurudi kukudai. Nimepiga msasa namba 80, nikaja 180, nikapuliza praima nene ya kujazia, nikatia vumbi jeusi la kuonyesha mabonde, nikapiga 320 kwa ubao mrefu mpaka mabonde yote yakatoweka, nikamaliza kwa 600 na maji. Boneti peke yake imenichukua wiki tatu. Kwa wiki tatu nimeipapasa kwa kiganja nikiwa nimefumba macho, maana mkono huona mabonde ambayo jicho haliyaoni.

Naye ameipapasa kwa sekunde moja, kwa kidole gumba.

Rangi niliyoichagua ni mbili: krimu kwenye paa na kijani cha metaliki kwa chini, zikitenganishwa na mstari mwembamba niliouziba kwa tepu ya kupindika kwa usiku mzima hadi ukalingana pande zote mbili. Leo asubuhi nililowesha sakafu ili vumbi lisinyanyuke, nikamwaga maji yote yaliyokuwa kwenye tangi la kompresa, nikafuta bodi mara mbili kwa dawa ya kuondoa mafuta, nikasubiri unyevu wa hewa upungue, nikapuliza kijani, nikakiacha kikakauka hadi kikafifia, kisha nikaweka klia mikono mitatu, yaani matabaka matatu, kila mkono nikiupa nafasi ya kupumua kabla ya unaofuata. Mkono wa tatu ulilala kama maji ya kisima. Niliona taa za dari ndani ya boneti, zimenyooka, hazina hata chembe ya ganda la chungwa, yaani vile vibonde vya rangi isiyolala vizuri. Ndugu zangu, nilisimama nikaitazama na koo likanikaba. Ndipo nailoni ikachakarika nyuma yangu.

Alama yenyewe si ya kawaida. Kidole cha bwana yule ni kinene kiasi kwamba mvua ikinyesha ndege watakuja kunywa humo, na mistari ya ngozi imejichora waziwazi hivi kwamba polisi wakitaka kumtambua hawahitaji wino. Klia ilikuwa bado laini, kwa hiyo kidole kimepenya mikono yote mitatu na kugusa kijani chenyewe, na alipokinyanyua kikaondoka na uzi mrefu uliokatika na kuanguka pembeni, ukaacha mkia. Sasa nina kidole chenye mkia katikati ya boneti.

Msije mkaniambia kwamba nisubiri ikauke, nipige msasa 1500, kisha 2000, kisha 3000 na kuing'arisha. Hiyo ni dawa ya vumbi na ya matone yaliyobaki juu ya klia. Huyu amefika kwenye rangi, na rangi yenyewe ni metaliki, ambayo chembe zake za alumini hulala kulingana na mgandamizo wa hewa, umbali wa bunduki na mwendo wa mkono, kwa hiyo ukipuliza kiraka katikati ya boneti kitaonekana cheusi ukisimama huku na cheupe ukisimama kule. Boneti nzima lazima irudiwe, na ikishakaa kando ya madigadi yaliyopulizwa siku nyingine huenda kijani kisifanane, na madigadi nayo yakadai kuguswa. Kidole kimoja kimeharibu paneli tatu!

Nilipomuuliza kwa nini amegusa, alinijibu kwamba alitaka kuhakikisha. Kuhakikisha nini? Ukutani palikuwa na karatasi niliyoiandika kwa kalamu nene: RANGI MBICHI USIGUSE. Aliisoma, kwa sababu aliniambia kwamba "mbichi" nimeiandika vizuri. Kisha akakifuta kidole chake kwenye taulo langu safi, la mwisho lililokuwa halina nyuzi.

Narudia ili ibaki kwenye kumbukumbu za jukwaa hili: katikati ya boneti, kidole gumba, dakika nane. Nawasilisha.

Msasa Mia Nne: Pole sana mkuu. Nilipofika mahali alipopita chini ya nailoni nilijua ni yeye, na sikuhitaji kusoma zaidi. Kwangu alikuja siku niliyokuwa nimebandika tepu kuzunguka vioo vyote, akabandua kipande kimoja ili anionyeshe kwamba hakikushika sawasawa. Kilikuwa kimeshika sawasawa, na ndiyo maana kilitoka na rangi.

Kebini Tupu: Mleta mada, samahani, lakini umeandika aya nzima kuhusu msasa na hukuandika sentensi moja kuhusu kufuli. Mtu aliyesubiri unyevu wa hewa upungue anashindwaje kufunga mlango wa pembeni? Mimi naona kosa ni la watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyefungua uzi.

Mleta mada: Mlango ulikuwa umefungwa. Haukuwa umetiwa kufuli kwa sababu sikujua kwamba ninaishi karibu na mtu ambaye akiona maandishi ya USIGUSE mikono inamwasha. Kidole ni chake, si cha mlango.

Mzee wa Puti: Vijana, mnabishana kuhusu alama na mmeliruka jambo la hatari zaidi. Ikiwa klia hiyo ni ya kuchanganywa na hadena, ile dawa ya kuigandisha, basi ina aisosayaneti, na dakika nane baada ya kupuliza hewa ya garaji ilikuwa bado imejaa ukungu wake. Mtu huyo aliingia bila barakoa. Sumu hiyo haina harufu ya kukuonya, na mtu akishaivuta na mapafu yake yakaanza kuikataa anaweza kubaki na pumu ambayo humrudia kila anapokutana na kiasi kidogo tu cha kemikali hiyo. Hata barakoa ya makopo ya mkaa ina mipaka yake, na wanaopuliza kila siku huvaa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Boneti utairudia, lakini mapafu hayapulizwi upya. Ungempigia kelele atoke kabla hujatazama alama.

Mleta mada: Mzee wangu, shikamoo. Nilimpigia kelele, na jirani wa nyumba ya nne alitoka nje kuuliza kuna nini. Kuhusu barakoa umesema kweli na nimekubali. Lakini kidole kilikuwa kimeshaingia.

Bampa la Kromu: Mimi nauliza kwa nia njema kabisa: Datsun 1200 ni gari la kale tangu lini? Gari hilo liliendelea kuundwa Afrika Kusini kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008. Ukitaka kulia kwa ajili ya pikapu ya kale, lilia kwa ajili ya Ford F-100 ya 1956 kama yangu, yenye kioo cha mbele kilichozunguka pembeni, ambacho katika kizazi chake kilikuwapo mwaka huo mmoja tu.

Kutu ya Mlangoni: Gari la 1974 ni la kale hata kama nduguye mdogo alizaliwa jana. Bampa, usimtoe mwenzako kwenye msiba wake. Ila na mimi nina msiba wangu. Ndugu yangu wa damu alipuliza dawa ya silikoni ya kung'arisha dashibodi mita chache kutoka mahali nilipokuwa nimeandaa milango ya Peugeot 404. Nilipoweka rangi ilikimbia. Yalifunguka macho ya samaki kila mahali, vitundu vya duara ambamo rangi imegoma kushika, nami nikahesabu sitini na saba kwenye mlango mmoja kabla sijaketi chini. Kidole ni kimoja, mkuu. Mimi nina sitini na saba.

Msasa Mia Nne: Macho ya samaki mara nyingi hutokana na mafuta ya kompresa. Ulikuwa na kichujio?

Kutu ya Mlangoni: Nilikuwa na vichujio viwili! Ilikuwa silikoni! Alikiri mwenyewe, na akaongeza kwamba dashibodi imependeza.

Kebini Tupu: Haya yote yanawapata kwa sababu mmekimbilia rangi za hadena. Magari haya yalipoundwa watu wengi walikuwa wakiyarudia kwa rangi ya nitroselulosi, ambayo kila mkono unayeyusha kidogo ule ulio chini yake na kuungana nao. Mtu akigusa, unasubiri ikauke, unapuliza tena, unapiga msasa wa maji, unang'arisha, na hakuna atakayejua. Mleta mada angetumia hiyo tangu mwanzo, leo tungekuwa tunasoma uzi mwingine.

Mzee wa Puti: Na mtu akimwaga petroli wakati wa kujaza tangi, rangi hiyo inalainika na kuacha doa. Jua likiipiga miaka michache inapasuka kama udongo wa kiangazi. Nimeipuliza, nimeipenda, na nimeikwangua kwa mikono yangu hii. Usimdanganye kijana.

Kebini Tupu: Inapasuka ikiwekwa nene mno, mzee. Mkono mwembamba haupasuki.

Mzee wa Puti: Hakuna aliyewahi kukiri kwamba aliweka mkono mnene.

Mleta mada: Wakuu, naomba turudi kwenye kidole. Nimekwenda kukitazama tena kwa tochi. Klia imeanza kushika na kingo zake zimeinuka kama mdomo wa volkano. Katikati ya boneti!

Bampa la Kromu: Pole. Kwa kuwa wataalamu wote mmekusanyika hapa, naomba msaada. Kioo cha F-100 yangu ninakirudisha wiki hii baada ya rangi, na mpira wake ni mpya na mgumu. Kamba ya kuuvusha mpira kwenye ukingo wa bodi inavutwa kutoka ndani au kutoka nje?

Msasa Mia Nne: Kutoka ndani. Uvalishe mpira kwenye kioo kwanza, upitishe kamba katika ule mfereji wa mdomo unaoingia kwenye ukingo wa bodi, ncha zote mbili zikutane chini katikati na zining'inie ndani ya kebini. Paka maji ya sabuni, wala usipake mafuta yoyote. Mmoja asukume kioo kwa nje kwa viganja vilivyo wazi, mwingine avute kamba taratibu akiwa ndani, na mdomo wa mpira utavuka ukingo wenyewe.

Kutu ya Mlangoni: Anza chini, panda pembeni, malizia juu. Na kwa kioo kile kilichozunguka msiharakishe kwenye kona, kwa sababu hapo ndipo hupasuka.

Bampa la Kromu: Asanteni sana. Mpira nitauanika juani kwanza ulainike. Je, kamba iwe nene kiasi gani?