Kioo kinatoka kijani chenye ubuluu: chuma kinaingilia wapi na kinaondolewaje?

Sefu_Tanuri
Wakuu, salaam. Tunayeyusha kioo cha bilauri na mabakuli katika tanuri la gesi. Mchanganyiko ni mchanga kilo 100, soda ashi ya Magadi kilo 35, mawe ya chokaa yaliyosagwa kilo 25, pamoja na vipande vya chupa nyeupe. Maabara imepima mchanga: oksidi ya chuma (Fe2O3) 0.12%. Ukuta wa bilauri unaonekana safi, lakini kitako cha mm 10 ni kijani kinachovuta kwenye buluu. Tumetia manganizi (unga wa kuficha kijani cha chuma), rangi haikubadilika. Tubadilishe mchanga au kuna dawa? Na je, chuma ndicho kinachotia ukungu kwenye baadhi ya vyombo?

Kemia_ya_Moto
Ndugu Sefu, piga hesabu kabla ya kununua chochote. Kilo 100 za mchanga wenye 0.12% zina gramu 120 za oksidi ya chuma. Chokaa hujaipima. Ikiwa na 0.2%, kiwango ambacho si cha ajabu, kilo 25 zinaleta gramu 50 nyingine. Soda na chokaa zikishapoteza kaboni dioksidi, unabaki na kioo cha kama kilo 134, kwa hiyo uko karibu na 0.13%. Kioo cha kawaida cha dirisha kina takriban 0.1%, ndiyo maana ukingo wake ni kijani. Chupa nyeupe hulenga 0.03 hadi 0.06%, na kioo cha paneli za sola hushushwa hadi karibu 0.01%.

Hata ukipata mchanga wa 0.04%, chokaa hiyohiyo inakuacha kwenye 0.067%. Ipime kwanza.

Kitako hakina chuma zaidi ya ukuta. Mwanga unapita njia ndefu zaidi ndani yake, basi. Kila jaribio lilinganishe kwa unene uleule, juu ya karatasi nyeupe.

BibiMchanga
Naongeza kuhusu mchanga. Chuma hukaa mahali pa aina tatu. Kilichopakaa juu ya punje hutoka kwa kusugua: tope zito, lenye maji kama robo tu ya uzito wake, likorogwe kwa nguvu dakika 10 hadi 15, kisha lisuuzwe na vumbi la chini ya mm 0.1 limwagwe, kwa kuwa chuma kingi kinaondoka nalo. Kilichomo kwenye punje nyeusi za madini mengine huondolewa kwa sumaku. Ya kawaida inanasa magnetiti (madini ya oksidi ya chuma) na vipande vya mashine, ilmeniti (madini ya chuma na titani) inataka sumaku yenye nguvu kubwa. Kilichofungwa ndani ya punje ya kwazi, yaani ya mchanga wenyewe, hakiondoki kwa kuosha. Hapo tafuta mchanga mwingine.

Kagueni pia kisagio. Nyundo na sahani za chuma zikilika, unga wake wote unaishia kwenye kioo.

Kemia_ya_Moto
Sasa ule ubuluu, ambao kwangu ndio habari kubwa. Chuma(II), yaani chuma kilichoungana na oksijeni kidogo, hufyonza infraredi (mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya nyekundu), kilele kikiwa karibu na mawimbi ya nanomita 1050, na kinakula pia upande wa nyekundu. Kinachobaki ni buluu-kijani. Chuma(III), chenye oksijeni zaidi, hufyonza urujuanimno na kipande cha urujuani, kikaacha umanjano hafifu. Kwa kiasi kilekile, chuma(II) kinatia rangi kwa nguvu zaidi sana. Ubuluu basi unaonyesha chuma(II) ni kingi: tanuri lenu linakosa oksijeni, na ndiyo sababu manganizi (Mn) imeshindwa: zambarau yake, inayofuta kijani, inatokana na Mn(III), ambayo katika hali hiyo inageuka Mn(II), karibu haina rangi.

Ongezeni hewa mpaka moto usiwe na ndimi za njano. Osheni vipande vya chupa vitoke lebo na mafuta, maana vyote ni kaboni. Chupa za kahawia zisiguse chungu: rangi yake imetengenezwa kwa chuma, salfa na kaboni, na zikikutana na kioo chenye oksijeni hutoa gesi na povu. Kisha tieni nitrati ya sodiamu kilo 1 kwa kila kilo 100 za mchanga, mkipunguza soda kiasi. Moshi wake ni sumu, dohani ivute vizuri. Msizidishe joto pasipo sababu. Joto kali linarudisha chuma(II).

Hapo ndipo mrudi kwenye manganizi: anzeni na gramu 150 kwa kilo 100 za mchanga, mpande kidogo kidogo. Ikizidi, chombo kinakuwa cha zambarau. Viwanda vingi hutumia seleni na kobalti badala yake, ila seleni ni sumu na hupotea hewani. Jueni pia kwamba dawa hizi hazirudishi mwanga hata chembe. Zinafyonza rangi zilizobaki ili macho yasione kijani, kwa hiyo kwenye 0.13% mtapata kijivu.

BibiMchanga
Ukungu si wa chuma. Kwa viwango hivyo kinayeyuka chote ndani ya kioo. Tazameni kwa kioo cha kukuzia: vitone vya duara ni mapovu, punje zenye kona ni mchanga usioyeyuka, na utando unaoanzia juu ya uso ni kioo kilichoganda fuwele kwa kupoa polepole mno.

Sefu_Tanuri
Ni punje zenye kona. Mchanga wetu unapita chekeche ya mm 1.

BibiMchanga
Ni mkubwa mno. Tumieni wa kati ya mm 0.1 na 0.5.