Makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi pale Washington: nianzie chini au juu?

Zuwena_N
Wakuu habari zenu. Mwezi ujao nitakuwa Washington kikazi na nina siku moja tu ya kwangu, nimeamua niimalizie kwenye yale makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, yale ya Smithsonian, ile taasisi ya makumbusho ya Marekani, yaliyofunguliwa 2016, maana tangu nione picha ya lile jengo, ile rangi ya shaba na yale matabaka matatu yanayopanuka kwenda juu, sijatulia. Shida kila nikisoma maoni kila mtu ana lake, huyu anasema jengo linashinda vilivyomo ndani, yule anasema jengo achana nalo nenda kwenye historia. Walioingia nisaidieni, nianzie chini au juu? Na kitu gani nikikipita haraka nitajuta? Nitakuwa na mwanangu wa miaka 9.

BahariaMstaafu
Dada anza chini, tena chini kabisa. Jengo lile karibu asilimia 60 liko ardhini, kule juu unakokuona kwenye picha ni sehemu ndogo tu. Unaingia kwenye lifti kubwa ya vioo, inashuka taratibu na ukutani unaona miaka inarudi nyuma mpaka miaka ya 1400, mlango ukifunguka uko kwenye giza, dari iko chini, njia nyembamba, watu mmebanana na hakuna anayeongea kwa sauti. Wamekusudia iwe hivyo. Halafu unavyopanda kwenye ile njia ya mteremko nafasi inafunguka, dari linakuwa juu sana, na historia nayo inasogea, utumwa, vita, ubaguzi, mpaka 1968 na kuendelea. Ukianzia juu unayavuruga yote hayo.

Nilipopita mimi, kule chini kulikuwa na mabaki ya meli ya Wareno São José. Hii ilitoka Lisbon 1794 ikaja Msumbiji, huku kwetu mashariki, ikapakia watu zaidi ya 400 wapelekwe Brazil, Desemba ileile ikapasuka kwenye miamba karibu na Cape Town, wakafa zaidi ya 200 na waliookolewa wakauzwa palepale. Kilichoonyeshwa hasa ni vyuma vya farumi. Anayejua vyombo ataelewa haraka, shehena ya binadamu ni nyepesi kuliko bidhaa, kwa hiyo wanaweka vyuma chini meli isilale. Yaani mtu alikaa akapiga hesabu ya uzito wa watu akaongeza vyuma. Nilisimama pale muda mrefu sana. Vilikuwa vitu vya kuazimwa kutoka Afrika Kusini, kwa hiyo angalia kwanza kwenye tovuti yao kama bado vipo.

Mchoraramani
Nakubaliana na Baharia kuhusu kuanza chini, ila kabla hujaingia lizunguke jengo kwa nje hata nusu saa, dada, usikubali kuambiwa uachane nalo, kwa sababu lile jengo lenyewe ni maonyesho. Aliyeongoza usanifu ni David Adjaye, kazaliwa Dar es Salaam 1966, wazazi wake Waghana, akiwa na wenzake akina Philip Freelon. Yale matabaka matatu yametokana na nguzo za veranda za Wayoruba wa Nigeria, mchongaji wao Olowe wa Ise alikuwa anachonga mtu amebeba taji kichwani na lile taji ndilo unaloliona. Zile paneli za alumini, kama 3,600 hivi, nakshi yake imetoka kwenye kazi za chuma za wahunzi weusi wa Charleston na New Orleans, miji ya kusini mwa Marekani, wengi wao walikuwa watumwa, mageti na vizuizi vya roshani walivyofua bado vipo kwenye nyumba za watu na majina ya wengi wao hayajulikani. Sasa Adjaye kaichukua kazi yao akalifunika nayo ghorofa zima katikati ya mji wa mawe meupe, hatua chache kutoka mnara wa Washington. Mimi hilo lilinigusa kuliko vitu vingi vya ndani.

Kingine, kuna behewa la treni la enzi za ubaguzi, weusi upande wao weupe upande wao. Lile lilishushwa na kreni 2013 kabla paa halijawekwa, jengo likajengwa kulizunguka. Halitoki tena lile labda wabomoe.

MamaWawili
Kuhusu mtoto, mimi niliingia na wangu wa umri huohuo. Picha na maandishi mazito yamewekewa fremu nyekundu kwa hiyo unajua mapema unamgeuza au unamwandaa. Pale penye jeneza la Emmett Till, yule kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi 1955, kaa naye mkono kwa mkono na umweleze kabla hamjaingia, kwamba mama yake ndiye aliyetaka jeneza libaki wazi watu wote waone walichomfanya mwanae. Pale hairuhusiwi kupiga picha, simu weka mfukoni. Wangu aliuliza maswali siku nzima na sijutii hata moja.

Mkimaliza historia kuna chumba cha duara maji yanamwagika kutoka juu kwenye mwanga, kaeni hapo msipande moja kwa moja. Halafu ndiyo ghorofa za juu, muziki na michezo, gari jekundu la mwanamuziki Chuck Berry lipo, mtoto atachangamka.

Zuwena_N
Asanteni sana jamani, Baharia hiyo ya Msumbiji sikuwa naijua kabisa. Tiketi je, nanunua pale mlangoni?

BahariaMstaafu
Kuingia ni bure ila unatakiwa uwe na pasi yenye saa yako, unaichukua kwenye tovuti yao. Chukua mapema, zinaisha. Ukikosa kuna nyingine wanaziachia asubuhi ya siku ileile. Chagua saa ya asubuhi kabisa maana kule chini peke yake kutakula masaa matatu, na ukifika mchana foleni ya lifti inakuwa ndefu.