Kikundi cha historia ya kijiji: mihadhara inapwaya na ziara ya kwanza inakaribia, tuipangeje?

Katibu_Mpya

Wakuu, salaam.

Nimekabidhiwa ratiba ya kikundi cha historia ya kijiji. Wanachama ni 25 hivi, na nusu yao wamevuka miaka 60. Tuna mhadhara mmoja kila mwezi, na mara nyingi mzungumzaji ni mzee anayesimulia bila karatasi. Masimulizi ni mazuri, lakini yanatawanyika. Mtu anaanza na kisima cha zamani, anaishia kwenye ugomvi wa koo mbili, na tukirudi nyumbani hakuna aliyebaki na mwaka wala jina.

Sasa tunataka ziara ya kwanza: makaburi ya zamani, kisima, na njia ya zamani iliyoachwa. Jumla ni kilomita 4 kwa miguu. Naomba msaada kwa haya:

1. Mhadhara uwe na urefu gani, na tunaurekodi vipi kwa simu?
2. Kilomita 4 ni sawa kwa kundi kama hili?
3. Maandishi ya makaburi yamefifia. Tunayasomaje bila kuyaharibu?

---

Msikilizaji

Karibu kwenye kazi, mkuu. Nijibu la kwanza, wengine watamalizia.

Dakika 40 za kusimulia na 20 za maswali zinatosha. Zaidi ya hapo wasikilizaji huchoka, na mzee huchoka kabla yao ila hasemi. Mhadhara hautawanyiki kwa sababu ya uzee wa mzungumzaji. Unatawanyika kwa sababu ameambiwa "tueleze historia ya kijiji". Hiyo si mada. Mpe kitu kimoja cha kushika: kisima. Nani walikichimba, kwa zana gani, kina pima ngapi, zamu ya kuteka ilipangwaje, kiliachwa kwa nini? Mpelekee maswali matano au sita siku kadhaa kabla, ayatafakari nyumbani. Siku yenyewe mtu mmoja akae karibu naye, na kazi yake iwe kumrudisha njiani kwa upole: "Babu, ulikuwa umefika kwenye kamba ya kisima."

Picha za zamani zinafungua kumbukumbu kuliko swali lolote. Lakini zisipitishwe mkononi zile halisi. Chapisha nakala kwenye karatasi ya A4, andika namba juu ya kila sura, na uambatanishe orodha ya namba hizo yenye nafasi wazi. Watu wajaze majina kwa penseli wakati wa mapumziko, na kila anayejaza aandike pia jina lake. Wawili wakitaja majina tofauti kwa sura moja, usifute hata moja. Yaache yote mawili.

Kurekodi kwa simu kunawezekana kabisa. Ila angalia haya:

- Weka hali ya ndegeni. Simu ikipigwa katikati, programu nyingi husimamisha kurekodi na hakuna anayegundua hadi mwisho.
- Kama programu inaruhusu, chagua WAV (faili la sauti lisilobanwa), kHz 48, biti 24, chaneli moja. Saa moja itakula takriban MB 520, kwa hiyo hakikisha nafasi mapema.
- Simu ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ikilala juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama mlango unabamizwa.
- Zima feni. Sikio la aliyeko chumbani huizoea, lakini kwenye rekodi mvumo wake huvuma juu ya kila neno.
- Anza kwa kutaja tarehe, mahali, jina la msimulizi na mada. Faili hubadilishwa jina na kupotea, lakini sauti iliyotamkwa ndani yake inabaki.

Jioni ileile nakili faili sehemu tatu, na moja iwe nje ya nyumba yako. Simu pekee si hifadhi.

---

Mpima_Njia

Kuhusu kilomita 4, tupige hesabu. Kundi lenye wazee hutembea kilomita 3 kwa saa kwenye njia nzuri, kwa hiyo mwendo peke yake ni dakika 80. Weka vituo saba vya dakika nane, zinaongezeka 56. Kukusanyana, kuvuka vizuizi na kusubiriana ni dakika 20 nyingine. Jumla ni zaidi ya saa mbili na nusu, na muda mwingi watu wamesimama. Kusimama ndiko kunakochosha magoti, wala si kutembea. Punguza hadi kilomita 2.5 na vituo vitano, utamaliza chini ya saa mbili. Njia ya zamani ibaki kuwa ziara yake.

Ipite njia hiyo wiki moja kabla, saa ileile mtakayotembea, pamoja na mtu mwenye mwendo mdogo kuliko wote. Kijana akipima njia peke yake atakuletea dakika ambazo hazipo.

Siku ya ziara weka kiongozi mbele na mfunga safu nyuma. Kosa linalojirudia kila mahali ni kiongozi kuanza kueleza wakati wa nyuma bado wako njiani. Wakifika maelezo yameisha, nao ndio waliohitaji kupumzika. Asifungue mdomo hadi mfunga safu ainue mkono. Tena mzungumzaji ndiye aelekee jua, si wasikilizaji. Maji yawe nusu lita kwa kila mtu kwa kila saa.

Kama njia inapita kwenye ardhi ya mtu, ombeni ruhusa kwa maandishi: tarehe, idadi ya watu, kama mtapiga picha, na kama picha zitawekwa mtandaoni. Kisima kilichoachwa kipewe umbali wa kutosha. Kingo huliwa na maji kwa chini huku juu pakionekana pazima. Fungeni kamba mita 3 kutoka ukingoni na asiivuke mtu.

Mkikuta kigae cha chungu au shanga, kiachwe pale pale. Kipigeni picha na rula pembeni, kisha mchukue majira ya mahali (namba za latitudo na longitudo) kwa simu. Tarakimu tano baada ya nukta zinalingana na mita moja hivi, ingawa simu yenyewe hukosea mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Kigae kilichohamishiwa kabatini hakiwezi tena kusema kilikuwa tabaka gani wala jirani yake alikuwa nani. Na majira hayo yasiwekwe hadharani, kwa maana wapo wanaozunguka kutafuta vya kuuza.

---

Msoma_Makaburi

Kabla ya lolote: hakuna chaki, unga, brashi ya waya wala dawa ya kung'arishia nguo. Chaki huingia kwenye vitundu vya jiwe na kubaki humo, tena anayeipaka huamua mwenyewe herufi iko wapi, kisha wote wanaofuata husoma alichochora yeye. Unga hulisha kuvu. Dawa ya kung'arishia huacha chumvi ndani ya jiwe. Chumvi ikikauka hujenga fuwele, na fuwele husukuma uso wa jiwe hadi ubanduke kama ganda. Jiwe likiwa imara, maji safi na brashi laini vinatosha. Likiwa linatoa vumbi ukiligusa, au ni kaburi lililosakafiwa kwa chokaa, usiliguse kabisa.

Kinachosoma jiwe ni mwanga. Unautaka uparaze uso wa jiwe kutoka ubavuni, ili kila mchoro utupe kivuli chake. Jiwe lililosimama wima hupata mwanga huo kutoka juu jua likikaribia utosini; lililolala hupata asubuhi na jioni. Jiwe likiwa kivulini, chukua kioo cha kujitazamia cha sentimita 30 kwa 40 au zaidi, mtu asimame juani mita 2 au 3 kando, arushe mwanga sambamba na uso wa jiwe. Kisha azungushe kioo polepole. Utaona mstari uliokuwa mtupu ukitoa herufi moja, halafu ya pili, kisha mwanga ukizidi kuelekea mbele zote zinazama tena. Piga picha mwanga ukitoka kushoto, kulia na juu, maana mstari mlalo haujitokezi kwa mwanga ule ule unaotoa mstari wima.

Nakili mstari kwa mstari, pamoja na makosa ya tahajia. Usichokisoma weka nukta ndani ya mabano ya mraba. Unachokisia weka alama ya kuuliza. Watu wawili wasome bila kusikilizana, ndipo walinganishe.

Kwenye tarakimu za Kiarabu, ٦ ni sita lakini wengi huisoma saba. ٥ ni tano lakini wengi huisoma sifuri. Kosa moja la hapo humzeesha marehemu miaka mingi. Mwaka wa Hijria usiugeuze kuwa wa Masihi kwa kuongeza miaka 579 au namba yoyote moja, kwa sababu mwaka huo ni mfupi kwa siku 10 au 11. Zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mfano: 1312 unakupa 1894 na nusu hivi, kwa hiyo andika 1894/95 hadi upate mwezi.

---

Mzee_wa_Tarehe

Nawaunga mkono wote, ila mpangilio ningeubadili. Msianze na mhadhara. Wiki mbili kabla, watu watatu wampeleke msimulizi mahali penyewe, na kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Mzee akisimama kisimani hukumbuka upande kamba ilipofungwa, jambo ambalo ukumbini halimjii. Picha za siku hiyo ndizo mtakazoonyesha kwenye mhadhara, na ziara ya wote ije baadaye.

Na msimuulize "mwaka gani". Muulizeni kabla au baada ya nini: kabla ya njaa, baada ya kuzaliwa kifungua mimba. Hata nanga hizo zipimwe. Simulizi ya "nyota yenye mkia" ya 1910 inaweza kuwa ya nyota-mkia iitwayo Halley, iliyoonekana Aprili na Mei, au ya ile nyingine kubwa iliyoonekana Januari mwaka huohuo. Wengi waliosema wameona Halley waliona hiyo ya Januari. Kila jambo liandikwe kwa alama: ameliona mwenyewe, amesimuliwa (na nani), au anadhani.

---

Katibu_Mpya

Asanteni sana, nimeyachapisha yote. Mawili yamebaki. Mzee akikosea hadharani, tumsahihishe? Na akianza kutaja mipaka ya mashamba?

---

Msikilizaji

Msimsahihishe mbele ya watu. Andika tofauti hiyo pembeni, mfuate baadaye faragha, na mara nyingi utagundua anazungumzia tukio jingine kabisa.

---

Mzee_wa_Tarehe

Hapo naongeza kidogo: kama kosa linamchafua mtu au ukoo, mwenyekiti aseme palepale kwamba yapo masimulizi mengine. Kunyamaza kutaonekana ni kukubali.

Mipaka ni jambo zito. Rekodi ya kikundi inaweza kubebwa hadi kwenye shauri la ardhi. Kabla ya kurekodi, msimulizi asaini fomu inayoeleza nani atasikiliza, kipi kitawekwa wazi, na kwamba ana haki ya kufunga sehemu yoyote. Sehemu ya mipaka ihifadhiwe kamili, lakini isisambazwe kabla yeye na familia zilizotajwa hawajakubali. Fomu asomewe kwa sauti hata kama anajua kusoma, na usomaji huo nao urekodiwe.