"Bati halipimwi, linaezekwa": yule muuza mabati wa pale kona sasa amevuka mpaka!

Wakuu, mnamjua, msijifanye. Penseli sikioni, kidole gumba ndiyo maabara yake. Leo ameonyeshwa mikromita, kile kifaa cha kupima unene, akajibu foleni nzima ikisikia: "Bati halipimwi, bati linaezekwa."

Halipimwi! Kitu kinachouzwa kwa geji, yaani namba ya unene, hakipimwi! Basi na nyama tununue kwa kuangaliana usoni.

Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni 0.3, geji 32 ni 0.25. Mhuri wake unasema 30. Mikromita imesoma 0.28, tena pamoja na rangi! Rangi ya juu na ya chini zinakula kama 0.03, chuma kinabaki 0.25. Hiyo ni geji 32 iliyovaa suti. Anayebisha akwangue rangi pande zote mbili, apime sehemu bapa. Usibane kwenye mkunjo wala ukingo uliokatwa, ule una meno yanayodanganya. Huna mikromita? Nenda na mizani. Bati la mita 3 kutoka koili (roli la bati kabla ya kukunjwa) ya upana wa milimita 914 linatakiwa lifike kilo 6.4 kwa geji 30. La 32 halivuki 5.4. Kilo nzima imeenda wapi? Aah, nimesahau, halipimwi.

Na msiniletee "lakini bei yake iko chini". Tufanye lake ni 20,000, la jirani yake, geji 30 ya kweli, 23,000. Gawanya kwa kilo: lake kama 3,700, la jirani kama 3,600. Anakuuzia ghali, halafu anakutukana juu yake. LINAEZEKWA, anasema! Fundi akikanyaga katikati ya papi mbili, zile mbao zinazobeba bati, linabonyea kama sufuria ya chai.

Fundi Kenchi: Umeenda dukani na mikromita ukategemea soda? Ungevaa na koti jeupe kabisa.

Chumvi ya Pwani: Punguza jazba. Kutu haianzi kwenye unene, inaanza kwenye mpako. Geji 28 yenye zinki kiduchu itaoza kabla ya geji 30 iliyopakwa vizuri, hasa huku baharini. Uliza gramu: AZ150 ni gramu 150 za alumini na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Na kwa banda la kuku geji 32 inatosha, acheni sifa.

Mleta uzi: Basi auze kama bati la banda la kuku! Mhuri wa 30 wa nini? BATI HALIPIMWI???

Jogoo la Mjini: Kuku tumekosa nini humu?

Mama Soketi: Afadhali nyie, bati likivuja unaweka ndoo. Waya wa umeme wa milimita za mraba 2.5 wa duka la nyuma yake, ukwarue kwa kisu: ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Wa uzi mmoja unatakiwa kipenyo karibu milimita 1.78, na shaba ya roli ya mita 100 peke yake ni kilo 2.2. Ukinyanyua ukahisi pamba, rudisha. Alumini inalegea kwenye skrubu za soketi, panachemka, ndiyo ile harufu mnayoisikia mkipiga pasi.

Mbili kwa Nne: Mbao je? Zile "za dawa" nyingine zimepakwa rangi ya kijani tu. Kata katikati ya mbao, siyo mwishoni, maana mwishoni hunyonya chochote. Kijani kikiishia juu juu kama ganda la limau, hiyo imepigwa mswaki. Na mbili kwa nne zenyewe siku hizi ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu.

Fundi Kenchi: Ikirandwa lazima ipungue. Siyo wizi huo.

Mbili kwa Nne: Imerandwa na nani wakati bado ina manyoya?

Jogoo la Mjini: Mikromita zinauzwa wapi?

Mleta uzi: Yeye anazo. Kabatini, nyuma ya misumari.

Mama Soketi: 😂😂 Bei gani?

Fundi Kenchi: Manyoya yanatokana na msumeno butu na mbao mbichi. Mbichi ukiipigilia leo, ikikauka inajipinda na kenchi yote inafuata. Gonga kwa kifundo cha kidole: kavu inalia, mbichi inanung'unika.

Mbili kwa Nne: Sasa na wewe unapima kwa kidole.