Kasongo wa Kenya ni mimi, lakini si yule mnayemtafuta

KasongoWaKenya (Lubumbashi)

Bandugu, jambo. Jina langu Kasongo, naishi Kenya. Kwa mtu wa hapa Lubumbashi maneno hayo hayana shida yoyote. Kenya ni komini, yaani sehemu ya mji huu, kama vile Katuba, Ruashi, Kampemba na Kamalondo. Unapanda taksi pale mjini, unamwambia dereva "Kenya", anakuteremsha sokoni. Hakuna anayekuomba paspoti.

Natengeneza simu. Niko na kibanda nyuma ya soko, na juu ya ubao nimeandika KASONGO WA KENYA, FUNDI SIMU. Niliandika vile kwa sababu kuna Kasongo mwingine, wa Katuba, naye anatengeneza simu, na wateja walikuwa wanatuchanganya. (Yeye anajiita Dokta Kasongo. Tuache hiyo.) Halafu mdogo wangu akanifungulia ukurasa wa Facebook, akauita vilevile kama ubao.

Mwanzo walikuja wateja wa hapa. Kisha wakaanza kuingia watu nisiowajua, Kiswahili chao kingine kabisa. "Kasongo, punguza kodi." "Kasongo, vijana hawana kazi, wewe unapanda ndege tu." Nikaweka picha ya Tecno iliyovunjika ekrani, kabla na baada ya kazi, picha nzuri kweli. Mtu akaandika chini: "Hivi ndivyo ulivyoipasua nchi." Akapata likes nyingi kuliko mimi.

Nikauliza huku na kule, nikaambiwa Wakenya, wale wa nchi, wamempa rais wao William Ruto jina la utani la Kasongo. Sasa mtu anaandika "Kasongo" na "Kenya" kwenye Facebook, ananiangukia mimi na bisibisi zangu.

Mngecheka tu, mimi pia ningecheka, lakini kazi inaumia. Mama mmoja aliyeleta simu alisoma zile komenti akaniuliza polepole kama niko mu politiki. Akaenda na simu yake Katuba.

Swali: nibadilishe jina? Na nikibadilisha, niweke nini? Kasongo peke yake hapa haitoshi. Hata mke wa kaka yangu ni Kasongo, maana kwetu jina hilo halichagui mume wala mke. Na Kenya ndiyo anwani yangu, siwezi kuhama sababu ya Facebook. Naomba mawazo.

---

MwanaManiema (Kindu)

Yaya Kasongo, kaka yangu, wewe angalau ni mtu. Mimi nimezaliwa Kasongo, mji wa jimbo la Maniema. Nilipokuwa nasoma Lubumbashi, mtu ananiuliza natoka wapi, namjibu "Kasongo", ananiambia: "Sikuuliza jina la baba yako."

Na sisi tuna haki ya kulidai jina. Mji wetu ulikuwa makao makubwa ya Tippu Tip na watu wake, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita pale, na jeshi la Dhanis, afisa wa Wabelgiji, liliuingia mwaka 1893. Hiki Kiswahili tunachoandikiana hapa, sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo ilikipata kupitia miji kama wetu. Lakini nenda Kinshasa useme Kasongo: nusu ya watu watafikiri Kasongo-Lunda, kule Kwango, karibu na mpaka wa Angola, kwa Kiamfu, mfalme wa Wayaka. Nchi ni ileile moja, lakini kutoka mji mmoja hadi mwingine ni safari ya kuaga ukoo.

Nilitumiwa katoni ya vitabu toka Kinshasa. Ajansi iliandika "Kasongo" tu. Vitabu vilikwenda Kwango, vikakaa huko, vikarudi Kinshasa, na mimi mtihani nilishaufanya. Tangu siku hiyo sijaandika Kasongo bila Maniema. Nawe usiandike Kenya bila Lubumbashi, hata kwenye ukurasa. Bei yake ni neno moja tu.

---

Wa_Luthuli (Nairobi)

Kasongo wa Kenya! Pole sana ndugu yangu, nimecheka hadi wenzangu dukani wakaja kuangalia.

Wacha nikueleze lilipoanzia. Kuna wimbo wa zamani wa bendi ya Orchestra Super Mazembe unaitwa "Kasongo", mwanamke anamlilia mume aliyeondoka arudi nyumbani. Hapa kila mtu anaujua, ukipigwa harusini hata bibi wa watu anasimama. Mwishoni mwa 2024 vijana wakauchukua wakambandika nao rais, na yeye mwenyewe amelisikia. Kwa hiyo hawakutukani wewe. Hawajui hata kwamba kuna Kenya nyingine. Mimi nimejua leo.

Lakini usitulaumu peke yetu. Ile bendi ilikuwa ya Wakongo: ilianza huko kwenu 1967 ikiitwa Super Vox, ikahamia Nairobi 1974. Mlituletea wimbo, sisi tunawarudishia komenti.

Na kuna wenzangu hapa wanaoamini hadi leo kwamba Super Mazembe na TP Mazembe, klabu ya mpira ya kwenu Lubumbashi, ni kitu kimoja, kwamba wachezaji wakistaafu wanapewa gitaa.

Ushauri: usibishane nao kwenye komenti. Ukijibu "mimi si Kasongo huyo", unawapa kichekesho cha wiki nzima.

---

KasongoWaKenya (Lubumbashi)

Wa_Luthuli, umechelewa. Niliwajibu. Niliandika "mimi ni Kasongo wa kweli." Msiniulize kilichofuata.

MwanaManiema, neno lako nimelipokea. Lakini Lubumbashi nayo ni hadithi: kuna mji wa Lubumbashi, ndani ya mji kuna komini ya Lubumbashi, na kuna mto Lubumbashi uliotoa jina lenyewe. Nikiandika "Kenya, Lubumbashi", mtu mgeni anafikiri nimetaja komini mbili, anauliza niko wapi hasa.

Wengine wameniandikia pembeni kwamba niweke jina kamili, kama kwenye kitambulisho. Jina langu kamili ni Kasongo Ilunga. Katika simu ya kila mtu hapa kuna Kasongo Ilunga angalau mmoja. Mteja alinitumia pesa kwa simu, akakosea tarakimu moja, jina likatokea "KASONGO ILUNGA", akaridhika, akabonyeza ndiyo. Pesa zilikwenda kwa mtu mwingine mwenye jina hilohilo. Jina lilitakiwa kumlinda, likamdanganya.

---

Bwana_Limete (Kinshasa)

Subiri. Wewe ni Kasongo Ilunga?! Mheshimiwa Waziri, tumekutafuta tangu 2007!

Kwa wadogo wasiokumbuka: Februari 2007 serikali ya Antoine Gizenga ilitangazwa, na wizara ya biashara ya nje ikapewa Kasongo Ilunga. Wenzake wakaanza kazi. Yeye hakuonekana. Waandishi wakamtafuta, hakuna anayemjua uso. Ikasemekana kila chama kilitakiwa kupeleka majina mawili kwa kila kiti, basi mkubwa wa chama kimoja akaandika lake mwenyewe, na pembeni akaweka Kasongo Ilunga wa kujaza nafasi, akijua atachaguliwa yeye. Waziri mkuu akachagua la pili. Ikaja mpaka barua ya kujiuzulu, ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akiingia ofisini.

Nakuambia ukweli, ndiyo maana jina lile lilifaa. Ukitaka kumbuni mtu asiyekuwepo, huchukui jina la pekee. Unachukua jina ambalo kila mtu atasema "a, huyo namjua."

---

Mzee_wa_Kamina

Wanangu, mmecheka vya kutosha. Kasongo, jina lako ni la kiti cha ufalme. Cameron, yule Mwingereza, alipovuka bara mwaka 1874 alimkuta mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo, akakaa kwake kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Baadaye Wabelgiji wakakuta kiti kinagombewa, wakaigawa nchi: huku Kabongo, huku Kasongo wa Nyembo. Leo Kabongo ni teritware, yaani kama wilaya, na hapa kwetu Kasongo wa Nyembo ni jina la usultani mzima. Mtu akawa mahali. Halafu watoto waliozaliwa mahali pale wakapewa tena lile jina. Ndivyo lilivyoenea, si kwa bahati mbaya.

Lakini sikiliza vizuri. Mfalme hakuitwa Kasongo kavu. Aliitwa Kasongo Kalombo. Sultani naye aliitwa Kasongo wa Nyembo. Jina lisilo na pili halimshiki mtu. Wewe umejipa la pili la komini, na komini si yako peke yako. Mama yako anaitwa nani?

---

DoktaKasongo (Katuba)

Ni mimi wa Katuba. Mbona hukuniuliza? Tunanunua vipuri kwa Mhindi mmoja, tunakutana pale kila mara.

Yule mama mwenye simu nilimtengenezea vizuri, asante kwa kunitumia. Ila juzi mtu wa Nairobi ameingia ukurasa wangu naye, ananiita Dokta wa uongo, anadai nina digrii za kununua. Sasa sijui ni kwa ajili ya rais wao au kwa ajili yangu.

---

KasongoWaKenya (Lubumbashi)

Dokta, hiyo komenti ya mwisho huenda ni ya Katuba palepale.

Mzee, mama anaitwa Mwadi. Nimemsomea maneno yako, amefurahi kupita kiasi, amesema kumbe kuna mtu Kamina mwenye akili. Basi ubao mpya utakuwa: KASONGO WA MWADI, FUNDI SIMU, NYUMA YA SOKO, KOMINI KENYA, LUBUMBASHI. Ukurasa nao vilevile. Mchoraji analia kwamba herufi zimezidi, anataka kulipwa kwa herufi, tumebishana asubuhi nzima na "komini" imefupishwa kuwa C/. Mama naye anauliza sehemu yake, kwa kuwa jina lake ndilo liko kazini.

Pesa za simu nimeamua hivi: mteja atume franka mia kwanza, nimthibitishie kwa sauti kwamba zimefika, ndipo atume zilizobaki. Inachukua muda, lakini sijaona njia nyingine.

Wa_Luthuli, kama uko kweli mtaa huo wa Luthuli wanakouza vitu vya simu, niambie: ekrani za Tecno Spark kwa jumla huko mnauzaje, na kuna mtu anayesafirisha mpaka Kasumbalesa, pale mpakani kwetu na Zambia?