Mrejesho: kabureta imetulia

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu pikipiki inayotoa moshi mweusi, inayokunywa mafuta na kuzima kila nikiachia mafuta. Nimerudi na habari njema.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naikaza skrubu ya mchanganyiko, ile ya kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli), nikidhani napunguza petroli. Aliyeniambia niangalie skrubu hiyo imekaa upande gani wa kabureta ndiye aliyeniokoa: yangu iko upande wa chujio la hewa, kwa hiyo inaongoza hewa. Kila nilipokaza, hewa ilibanwa na mafuta yakazidi. Ingekuwa upande wa injini, mambo yangekuwa kinyume.

Nikasafisha chujio (lilijaa vumbi kweli), nikahakikisha choki (kilango cha kubana hewa wakati wa kuwasha injini baridi) inafunguka yote. Injini ilipopata moto nikaizima, nikakaza skrubu taratibu mpaka ikagusa, bila kulazimisha maana ncha yake ni nyembamba na huharibika upesi. Nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, nikawasha. Kutoka hapo ni robo mzunguko kwa robo mzunguko, nasikiliza. Kuna mahali mngurumo ulipanda wenyewe ukawa laini. Nikaacha hapo, kisha nikaushusha kwa skrubu ile nyingine ya mzunguko wa injini.

Jana nimefungua plagi. Masizi hakuna, kauri ina rangi ya kahawia isiyokolea. Nimefurahi sana.

Ilibaki milio ya pap-pap kwenye ekzosi nikiteremka mlima. Nimekaza ile skrubu ya mchanganyiko kidogo tu, nusu ya robo mzunguko, imekoma. Asanteni sana.